Nani Atashona?

Kalemie, hapa Kongo, ni mji wa mlangoni. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina kinachofika mita 1,470, lakini mlango wake wa kutolea maji ni mmoja tu: mto Lukuga, unaopita hapa kwetu ukielekea magharibi hadi Lualaba. Anayezaliwa hapa huwajua samaki kabla ya kuzijua herufi. Kuna ndakala wanaoanikwa mchangani, mikebuka wanaochomwa jioni kando ya barabara, sangala wa siku ya wageni, na kuhe, ambaye akifika jikoni majirani wote hupata habari. Nimekulia katika hayo. Na katika hayo yote, kilichonifundisha zaidi ni mkoba wa mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mtu wa reli, ile iliyofika hapa kutoka Kabalo mwaka 1915, enzi mji ukiitwa Albertville. Siku asizokuwa kazini alivua kwa mshipi. Hakufuata mabwato makubwa ya taa na nyavu, yanayotoka usiku wa giza kuwatafuta ndakala mbali na nchi kavu. Yeye alipita kando ya miamba, alfajiri, akimtafuta kuhe, mmoja wa siklidi wakubwa kabisa duniani, anayependa chambo cha ndakala mbichi na asiyekubali kuvutwa kirahisi. Kila safari alibeba mkoba uleule: mwili wa turubai la pamba lililopauka, kitako na mikanda ya ngozi, bizimu mbili za shaba ya manjano. Alishonewa na fundi viatu wa mjini kabla mimi sijazaliwa. Alipostaafu bado alikuwa nao, ingawa turubai la mbele lilikuwa limebadilishwa, mkanda wa begani haukuwa ule wa kwanza, na kitakoni kulikuwa na kiraka juu ya kiraka.

Nilipokua nikatamani begi langu mwenyewe, mjomba alinipeleka sokoni. Tulizunguka asubuhi nzima. Nilishika mabegi ya rangi kali, yenye mifuko mingi na zipu zinazometameta. Kwa kila moja, mjomba aliligeuza ndani nje, akalivuta masikio, kisha akamuuliza muuzaji swali lilelile: "Ndugu yangu, hii ikipasuka, nani atashona?" Wauzaji wengi walijibu kwa kusifu rangi. Mmoja, mtu mwaminifu, alisema wazi: "Papa, hii haishonwe. Ikipasuka unanunua ingine." Mjomba alimshukuru kwa dhati, akanishika mkono, tukaondoka. Njiani aliniambia: "Mwipwa wangu, kitu ambacho mji wako hauwezi kukishona, hicho umekikodi tu, haujakinunua."

Maneno hayo nimeyabeba miaka mingi. Nataka kueleza yanavyofanya kazi, kuanzia kitambaa hadi uzi, kwa sababu kuchagua mkoba wa mvuvi ni jambo lenye elimu ndani yake, na elimu hiyo inaweza kupotea wenye nayo wakiondoka bila kuulizwa.

Tuanze na kitambaa. Mji huu una haki ya kuzungumza juu ya pamba. Filtisaf, kiwanda cha kusokota na kufuma kilichoanzishwa hapa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kilitoa vitambaa vya pamba vilivyovaliwa mbali na Kalemie. Mashine zake zimenyamaza, lakini waliofanya kazi humo waliondoka na ujuzi mikononi. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alinionyesha jinsi ya kukipima kitambaa bila kipimo. Kwanza kikunje na ukivute kwa mshazari: kikilegea na kubaki kimepinda, mfumo wake hauna nguvu. Pili kiinue kwenye mwanga: ukiona vitundu vingi vya nuru, maji nayo yataviona. Tatu kikwaruze kwa kucha: ukitoka unga mweupe, ujue ugumu ule ni wa wanga, na siku kikifuliwa kitanyong'onyea. Turubai zuri la mkoba huwa na uzito wa gramu 400 hadi 600 kwa kila mita ya mraba. Chini ya hapo linachanika upesi, juu ya hapo sindano ya fundi inavunjika na bega la mbebaji linalalamika.

Sababu ya kuchagua pamba iko ndani ya uzi wenyewe. Uzi wa pamba ukilowa hunenepa. Kitambaa kikiwa kimefumwa kwa kubana, unene huo unaziba vitundu, na maji ya mvua au ya mawimbi yanachelewa kupenya. Jua likitoka, uzi unakonda na unyevu unapata njia ya kutoka. Kitambaa cha nailoni huzuia maji kwa utando mwembamba wa plastiki uliopakwa upande wa ndani, na utando huo ukianza kubambuka hakuna wa kuurudisha. Tena pamba yenye maji hupoza, kwa kuwa maji yanapokauka huondoka na joto. Kuhe aliyefunikwa kwa turubai lililoloweshwa hufika nyumbani akiwa na hali nzuri kuliko yule aliyefungiwa ndani ya plastiki juani.

Adui wa pamba ni ukungu. Mkoba ukirudi umelowa ukatupwa nyuma ya mlango, baada ya siku chache utaona madoa meusi, na penye madoa hayo kitambaa kinaoza kimyakimya. Mjomba alikuwa na sheria isiyovunjwa hata akirudi na njaa: kwanza mkoba, halafu chakula. Alimwaga vyote vilivyomo, akausuuza, akaugeuza ndani nje, akautundika kivulini penye upepo. Ndipo alipokaa kula bukari, yaani ugali.

Ili turubai lizuie maji zaidi hupakwa nta. Mabaharia wa Uskoti walipaka matanga yao mafuta ya kitani. Katika pwani ya Waswahili, mabaharia walipaka majahazi sifa, yaani mafuta ya ini la papa, ili mbao zisinywe maji. Fikra ni moja. Mjomba alitumia nta ya nyuki na mishumaa: sehemu 2 za mshumaa kwa sehemu 1 ya nta, katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, kwa maana nta ikiwekwa juu ya moto wenyewe inaweza kuwaka. Alipaka kwa brashi, akafunika kwa karatasi, akapitisha pasi ya makaa ili nta izame. Kazi hiyo aliifanya kabla ya masika, na nyumba yetu yote ilinukia asali.

Sasa ngozi. Sokoni kuna ngozi, na kuna kitu kinachofanana na ngozi. Usitazame uso wake, kwa sababu uso hupakwa rangi na kupigwa chapa. Tazama ukingo uliokatwa. Ngozi ya kweli huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana toka juu hadi chini. Ile ya bandia huonyesha kitambaa au sifongo chini ya utando. Weka tone la maji: ngozi isiyozibwa kwa plastiki italinywa polepole na kuacha doa litakalokauka. Ikunje: ngozi nzuri huonyesha mikunjo midogo inayorudi, mbaya huonyesha ufa.

Kuna pia namna mbili za kudabaghi. Ngozi iliyodabaghiwa kwa maganda ya miti, kama vile miwati inayolimwa Njombe nchini Tanzania, huwa nene na ngumu kidogo, hushika umbo, na huzeeka vizuri ikitunzwa. Iliyodabaghiwa kwa kemikali za kromu ni laini zaidi na huvumilia maji zaidi. Kwa kitako na mikanda ya mkoba napenda ile ya maganda, kwa sababu fundi wa Kalemie anaweza kuikata, kuilowesha, kuikunja na kuitoboa kwa msharasi bila mashine yoyote.

Lakini ngozi hiyo inahitaji uangalizi maalumu hapa kwetu. Maji ya Tanganyika hayana chumvi ya bahari, na hilo ni neema kwa vitu vya chuma. Hata hivyo ni maji ya alkali, pH yake hukaribia 9, ilhali ngozi ya maganda ina asidi. Ikilowa mara kwa mara na kuachwa hivyo, alkali huipunguzia taratibu ile dawa ya maganda iliyoikomaza, nayo hukakamaa. Mjomba hakuwa na kipimo cha pH, lakini kila aliporudi alipangusa mikanda kwa kitambaa chenye maji ya mvua aliyoyakinga kutoka paani. Aliniambia tu kwamba maji ya ziwa "yanakula ngozi". Nilipokuja kuisoma kemia yake shuleni nilijaa heshima kwa mtu aliyelifahamu jambo hilo kwa kutazama.

Ngozi iliyolowa isikaushwe karibu na moto, maana hujikunyata ikapasuka. Ikauke kivulini, na ikiwa bado ina unyevu kidogo ipakwe mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na nta. Wengi hupaka mawese kwa kuwa yako katika kila nyumba. Mawese huacha rangi na harufu, na usiku panya huifuata ngozi hiyo mpaka ukutani.

Baada ya ngozi, mshono. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya kitambaa, na mmoja ukikatika mshono unaweza kufumuka safu nzima. Fundi viatu anayeshona kwa mkono hutumia sindano mbili zinazopishana katika tundu moja, hivyo uzi mmoja ukikatika wa pili unashikilia. Mahali panapobeba uzito, yaani kwenye mizizi ya mkanda na pembe za kitako, dai mshono wa mkono. Uzi uwe umepakwa nta. Uzi mwembamba wa nailoni una nguvu, lakini nguvu hiyo ndiyo inayokata tundu la ngozi polepole.

Bizimu ziwe za shaba ya manjano. Chuma cha kawaida kinapokutana na ngozi ya maganda yenye maji huiachia weusi, na weusi huo ni dalili kwamba ngozi inadhoofika pale inapobeba mzigo. Kuhusu zipu, mapendekezo yangu ni mafupi: isiwepo mdomoni mwa mkoba wa mvuvi. Mchanga na magamba ya samaki huingia kwenye meno yake, na siku inapogoma huwa ni siku ya upepo.

Umbo nalo lina maana. Uingereza, kampuni ya Brady iliyoanza mwaka 1887 bado inatengeneza mikoba ya wavuvi ya turubai na ngozi, na ukiitazama utaona jamaa wa mkoba wa mjomba: kifuniko kipana kinacholala juu ya mdomo, mikanda miwili, na bitana inayotoka ili ioshwe ute wa samaki. Wavuvi wa mito ya huko na fundi wa Kalemie hawakuulizana, lakini mahitaji yaliwafikisha mahali pamoja. Tofauti ni kwamba bitana yetu ilikatwa kutoka shitingi, yaani turubai la plastiki, na kitako kiliwekewa kipande cha tairi chini ya ngozi, kwa sababu sakafu ya bwato haikosi misumari na maji machafu.

Upana wa sentimita 35 hadi 40 unatosha. Mkoba mkubwa zaidi hujazwa vitu visivyohitajika. Wa mjomba ulikuwa na mfuko wa mbele wa mishipi iliyozungushwa kwenye vipande vya mti, kopo la bati lenye ndoano kwa ukubwa wake, chubwi ndani ya soksi ya mtoto, kisu, koleo, tochi, na kiberiti ndani ya chupa iliyofungwa. Nyuma, upande unaogusa mwili, kulikuwa na mfuko mwembamba wa kadi ya mpiga kura, ambayo hapa Kongo ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku, na karatasi za bwato. Hakuna kilichohama mahali pake. "Mukono ujue njia yake pasipo taa," alisema, na alinitaka nichukue ndoano ndogo nikiwa nimefumba macho. Majini, kabla ya mapambazuko, bwato likiyumba, hakuna muda wa kutafuta.

Tena kuna jambo ambalo kila kijana anayekwenda ziwani alisikie. Mkoba unavaliwa nchi kavu. Ukiingia bwatoni, uvue. Mkanda uliopita kifuani ni hatari bwato likipinduka, kwa sababu mkoba uliojaa maji unamvuta mtu chini na mkanda unafunga mikono. Mjomba alifunga mkoba kwenye ubao kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini huamsha mawimbi marefu katika ziwa hili, na tumezika watu wengi. Mkoba hauna thamani ya kufuatwa.

Siwadharau wanaobeba vitu vingine. Wavuvi wa ndakala wanahitaji mabasini na ndoo, wala mkoba hauwafai. Mwaka 2017, watu waliokimbia mapigano kati ya Watwa na Waluba walipojaa kando ya mji, shitingi ilikuwa paa, ukuta na begi kwa wakati mmoja, na waliishona kwa akili na subira iliyonifunza mengi. Pale pia swali la mjomba lilijibiwa: walikuwa na kitu wanachoweza kukishona wenyewe, na hicho ndicho walichokitegemea.

Ndipo nilipoelewa kwamba swali lile lilizidi mkoba. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na kuna wanaoishi hivyo: begi likitoboka, wanapunguza mzigo, kisha wanalitupa. Mjomba aliishi kinyume chake. Kila alipopeleka mkoba kwa fundi, alikaa naye kibandani, wakazungumza, kijana wa fundi akatazama jinsi kiraka kinavyokatwa. Fedha iliyolipwa ilibaki mtaani. Ujuzi ulipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mkoba ule uliwalisha watu ambao hawakuwahi kushika mshipi. Begi lisiloshoneka humlisha muuzaji mara moja, na mji haupati kitu tena isipokuwa takataka zinazoelea mdomoni mwa Lukuga.

Mafundi hao wapo, lakini wanapungua, na vijana wachache wanakaa miguuni pao. Ziwa lilipofurika miaka hii ya karibuni, maji yaliingia mitaa ya ufukweni, na wenye vibanda huko walilazimika kuhama. Fundi akihamia mbali na wateja wake, kazi yake iko hatarini kufa. Kuokoa kazi hiyo hakuhitaji mradi mkubwa. Kunahitaji kazi ya kufanya.

Muda wa kuipeleka kazi hiyo upo. Kila mwezi, mbalamwezi inapong'aa, taa za wavuvi hazivuti ndakala, na mabwato hupumzika. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi 4 zinazoligawana ziwa, Tanzania ilifunga upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mapumziko huumiza mfuko wa mvuvi, nami siyachukulii kuwa jambo jepesi. Lakini siku ambazo nyavu zinatengenezwa ndizo pia siku za kukagua mishono ya mkoba, kupaka nta, na kubadilisha mkanda kabla haujakatika.

Kwa hiyo, wewe unayejiandaa kununua mkoba wa safari za uvuvi, nakuomba ubadilishe mpangilio wa safari yako ya mjini. Usianzie dukani. Anzia kwa fundi viatu, umsalimu, umuulize anaweza kushona nini, ana uzi gani, ngozi yake inatoka wapi, na bizimu gani anazipata. Mwombe akuonyeshe mshono wake wa zamani, uone ulivyozeeka. Muulize pia ni kijana gani anamfundisha. Ukishapata majibu hayo, nenda ukatafute turubai, au umwachie yeye kazi yote.